Kuku Haandikiki kwa K Moja

Tuseme marafiki wanne wameketi kibarazani mjini Voi, malori ya barabara ya Mombasa yakipita, nao wameamua kucheza Scrabble ya Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Wa kwanza anataka kuandika "kuku". Hawezi. Mchezo mzima una K moja tu, na asipobahatika kupata kipande kitupu, kuku haingii ubaoni. Wala kaka.

Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, alibuni mchezo huo miaka ya 1930 baada ya kuhesabu herufi magazetini. Miaka hiyohiyo Waddingtons ya Uingereza ilikuwa ikiuza karata za herufi zilizoitwa Lexicon. Yote ilipimwa kwa Kiingereza.

Hesabu ya hapa Taita Taveta inakwenda kwingine. Voi, Taveta, Mwatate, Wundanyi, Sagalla na Kasighau ni majina sita yenye herufi 39, na 10 kati yake ni A. Scrabble ina A 9 katika herufi 98. Majina sita ni kipimo kidogo, lakini msomaji akifungua gazeti lolote la Kiswahili ataiona A imetapakaa vivyo hivyo.

Kwa hiyo kundi linafaa kujikatia karata zake kwa karatasi ya manila. Q na X zitupwe, K na W ziongezwe, A ijazwe tele. C haitembei bila H, basi ziwe karata moja, CH; GH nayo ipewe yake.

Utamu uko katika kujenga. Mmoja anaweka "lima". Wa pili anatanguliza KI, inakuwa kilima. Wa tatu anafunga kwa NI, kilimani. Lakini vitenzi vinahitaji mpaka. "Limia" na "limisha" zipite. "Nimelima" na "hatukulima" zikiruhusiwa, mchezo unageuka zoezi la viambishi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iamue ubishi. Maneno ya Kidawida, Kisagalla na Kitaveta yakubaliwe au yakataliwe kabla karata hazijagawiwa, kwa sababu katikati ya mchezo kila mtu huitetea lugha ya nyumbani kwao.

Mwenye GH atatafuta ghala au ghali. Kundi likikubali majina ya milima, na kila mmoja akiwa ameshika karata saba, anaweza kushusha K, A, S, I, GH, A, U: Kasighau, mkono mzima kwa mpigo mmoja.