Utangulizi: Kidatu Kinapozaliwa

Chukua noti A, ile yenye mitetemo 440 kwa sekunde ambayo wanamuziki huitumia kupatanisha vyombo vyao. Iweke kwenye kompyuta, kisha uanze kuikata. Ikidumu nusu sekunde, anayejua kuimba ataipata mara moja. Ikibaki milisekunde 50, bado ni ileile. Kwenye milisekunde 10 ingali na kidatu (kimo cha sauti), ila imekauka. Kwenye milisekunde 5 unasikia “tak”. Unaweza kusema ni ya juu au ya chini, lakini noti yenyewe unaibahatisha. Kwenye milisekunde 2 hata mzunguko mmoja wa wimbi haujatimia, wala hakuna wa kuiita noti tena. (Ukataji wenyewe unataka uangalifu. Wimbi likikatwa ghafla, ncha zake huzaa mlio wa ziada, ndiyo maana maabara hufungua na kufunga sauti taratibu.)

Mgeni katika taaluma ya usikivu huuliza: basi kiwango ni milisekunde ngapi? Karibu, swali hilo ndilo mlango wetu, ingawa halina jibu moja. Mwaka 1947, Doughty na Garner wa Marekani walionyesha kuwa kuna vizingiti viwili: pale mlio mkavu unapoanza kuwa na dalili ya kidatu, na pale unapogeuka noti kamili. Tena vizingiti hivyo hufuata kanuni tofauti kwa sauti za chini na za juu. Kwa sauti za chini, sikio hudai mizunguko kadhaa ya wimbi, kwa hiyo noti ya mitetemo 100 husubiriwa zaidi, maana kila mzunguko wake peke yake unakula milisekunde 10. Ukipita mitetemo 1000 hivi, idadi ya mizunguko haina uzito tena. Kinachotakiwa ni muda, kama milisekunde 10 ili noti ikamilike.

Haya tunaishi nayo kila siku. Tamka “taka”: mlipuko wa t na wa k hauna kidatu, irabu ndizo zinazokibeba. Ndiyo maana lugha zenye toni, kama Kihaya na Kinyarwanda, huziweka toni zao hasa juu ya irabu.

Lakini jambo linalonivuta zaidi ni lile la Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1946 alieleza kwa hesabu kwamba sauti haiwezi kuwa fupi na wakati huohuo iwe na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyo bayana. Kadiri unavyoifupisha, ndivyo masafa yake yanavyotawanyika. Sauti ya milisekunde 10 hutawanyika kwa takriban mitetemo 100, ilhali kutoka noti A hadi nusu toni inayofuata ni mitetemo 26 tu. Ungetarajia sikio lishindwe kabisa kuzitenganisha noti fupi zilizo jirani.

Halishindwi kiasi hicho. Mwaka 2013, Oppenheim na Magnasco wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwataka wasikilizaji wapime kwa pamoja wakati na kidatu cha milio mifupi. Wengi waliupita mpaka wa Gabor, na baadhi waliupita kwa zaidi ya mara 10. Hesabu ya Gabor haikukosewa: mpaka ule unakibana chombo kinachochambua mawimbi kwa njia ya mstari, yaani kinachotoka hulingana moja kwa moja na kinachoingia, na sikio halifanyi kazi hivyo.

Linafanyaje, basi? Sehemu ya jibu imo katika koklea, kiungo cha sikio la ndani, ambamo kila sehemu ya utando wake huitikia zaidi masafa yake. Sehemu nyingine imo katika mishipa ya fahamu, inayopiga kwa kwenda sambamba na mizunguko ya wimbi lakini huachwa nyuma wimbi linapokwenda kasi mno. Ukipita mitetemo 5000 hivi, watu wengi hupoteza uwezo wa kutambua wimbo, hata kama wanaisikia kila sauti. Wanaotetea koklea na wanaotetea mishipa hawajapatana, na sura ya kwanza inaanzia kwenye mabishano yao.