Tairi lipi linadumu? Jaribio baya humtia hasara mwenye lori

Wasafirishaji wengi hupima ubora wa matairi kwa njia rahisi: lori moja hufungwa chapa mpya, jingine hubaki na ya zamani, kisha husubiriwa kuona yapi yatakuwa vipara kwanza. Njia hiyo inaweza kumfanya mnunuzi aache tairi zuri na kulipia baya.

Sababu ni kwamba uchakavu hautokani na tairi pekee. Lori linalopanda Kitonga na shehena ya Tunduma halilingani na linaloishia Morogoro. Dereva mmoja hufunga breki ghafla, mwenzake hupunguza mwendo mapema. Chapa mpya ikishindwa, hakuna ajuaye kama kosa ni la tairi, la barabara au la dereva.

Jawabu lilitoka mashambani. Mtakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alijua kuwa rutuba hutofautiana hata ndani ya shamba moja. Alitaka shamba ligawanywe vitalu, na kila mbolea ijaribiwe katika kila kitalu. Baadaye viwanda vilifuata mtindo huo.

Kwa mwenye malori, kitalu ni tela. Tuseme ana chapa 3 na matela 3, kila moja lina ekseli 3. Kuanzia ekseli ya mbele hadi ya nyuma, atafunga hivi:

Tela la 1: A, B, C
Tela la 2: B, C, A
Tela la 3: C, A, B

Wataalamu huuita mpango huu mraba wa Kilatini. Safari ikiwa ngumu, chapa zote huumia pamoja. Tofauti ya ekseli nayo husawazishwa, kwani kwenye kona kali ekseli ya mbele na ya nyuma za tela huburuzwa kuliko ya kati. Chapa ipi iwe A huamuliwa kwa kura.

Matairi yote yawe mapya, ya saizi moja, na upepo ukaguliwe mara kwa mara. Kina cha mifereji hupimwa mwanzo na mwisho kwa kifaa kilekile, kisha huhesabiwa milimita zilizolika kwa kila kilomita 10,000.

Chapa ikishinda kwenye tela moja na kushindwa kwenye mengine, huenda ni bahati tu, jaribio lirudiwe. Ikishinda kwenye yote 3, ndipo bei yake igawanywe kwa kilomita inazotarajiwa kudumu. Hesabu hiyo, si bei ya dukani, ndiyo inayoonyesha tairi la bei nafuu.