Paa la Mkunazini

Msomaji wa Luofu au Butembo aliyezoea kanisa la matofali ya kuchoma, mbao za mikaratusi na mabati hana sababu ya kujiuliza paa linasimamaje. Pwani, swali hilo ndilo lililoamua umbo la majengo. Nyumba za mawe za Unguja zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na boriti hazivuki mbali: chumba kiliweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake uliishia mita 3 hivi. Misikiti, ili ipate nafasi, ilisimamisha safu za nguzo ndani.

Askofu Edward Steere alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Jiwe la msingi la kanisa lake la Kianglikana liliwekwa Krismasi ya 1873 huko Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kama za majirani. Juu yake Steere akaweka tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, la matumbawe yaliyopondwa na saruji, likivuka zaidi ya mita 8. Walikuwepo waliosema litaanguka. Halikuanguka.

Wenyeji wa pwani, hata hivyo, walishajua kufunika jengo kwa matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa karne ya 14, una makuba na matao ya namna hiyo. Na tao lenye ncha, ambalo wageni wakiliona Mkunazini hulihesabu kuwa la Kizungu? Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo ulikuwa nalo mwaka 879, zaidi ya karne mbili kabla ya Wafaransa kujenga makanisa yao ya Kigothi.

Mombasa walifuata njia nyingine. Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililojengwa 1903 hadi 1905 kwa ramani ya J. H. Sinclair, lina kuba linaloonekana toka mbali, na mgeni huweza kudhani ni msikiti. Linapendeza, lakini mchanganyiko wake wa mitindo ni wa pambo. Wa Mkunazini umo katika mawe yenyewe, na kwangu ndio mzito zaidi.

Ukifika Unguja, waongozaji watakuonyesha nguzo zilizosimikwa kichwa chini karibu na mlango wa magharibi wa kanisa la Steere. Zitazame, kisha inua macho ulione paa.