Shabiki, Hasira na Upeo wa Matarajio: Upokezi wa Filamu ya The Last Jedi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii ilinijia mnamo Desemba 2017 nilipokuwa nikitoka katika ukumbi mmoja wa sinema jijini Nairobi, nimenuna kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikuwa nimetazama The Last Jedi, sehemu ya nane ya masimulizi makuu ya Star Wars, iliyoandikwa na kuelekezwa na Rian Johnson. Sikuwa peke yangu katika kununa huko. Wahakiki wengi waliisifu filamu hiyo, nayo ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.3 kote duniani, ilhali mashabiki wa miaka mingi waligawanyika vikali. Makala haya yanadhamiria kueleza hasira hiyo ilitoka wapi na ina thamani gani. Tutaongozwa na Nadharia ya Upokezi, ambayo wengi wetu tumeisoma darasani ila aghalabu huitumia kuhakiki riwaya na mashairi pekee.

Nadharia hii ilistawi katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini. Mmoja wa waasisi wake, Hans Robert Jauss, alishikilia mnamo 1967 kwamba hakuna msomaji anayeifikia kazi ya sanaa akiwa mtupu. Kila msomaji huja na upeo wa matarajio, yaani jumla ya yale anayoyajua tayari kuhusu utanzu, kuhusu kazi zilizotangulia na kuhusu lugha yenyewe. Kazi mpya huweza kuuthibitisha upeo huo, kuupanua au kuuvunja. Umbali uliopo kati ya matarajio na kazi yenyewe ndio unaozaa furaha, mshangao au ghadhabu. Mwenzake, Wolfgang Iser, alisisitiza kwamba kila matini ina mapengo, na kwamba msomaji ndiye anayeyajaza.

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Katika Return of the Jedi, filamu ya mfululizo huu iliyotolewa mwaka wa 1983, mna rubani wa sayari ya mbali aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno yake ni ya Gikuyu. Mtazamaji wa London au Chicago alisikia lugha ya kiumbe asiyejulikana. Mtazamaji anayeifahamu Gikuyu alimsikia rubani huyo akiwaita watu waje alipo, na haishangazi iwapo aliangua kicheko pahali ambapo hapakukusudiwa kuchekesha. Filamu ni ile ile na sauti ni ile ile. Kilichotofautiana ni upeo wa anayepokea.

Turejee sasa kwa yule shabiki aliyenuna. Upeo wake ulijengwa hatua kwa hatua. Katika filamu tatu za kwanza, za 1977, 1980 na 1983, alimjua Luke Skywalker, kijana wa shambani anayeinukia kuwa Jedi, yaani shujaa wa kundi la kale la walinzi wa haki wanaobeba panga za nuru. Kilele cha masimulizi hayo ni pale Luke anapoutupa upanga wake mbele ya mfalme dhalimu na kukataa kumuua babake, Darth Vader. Kwa huruma hiyo, baba anaokoka. Mimi nilizitazama filamu hizo utotoni katika diski za kaka yangu, Jumapili baada ya Jumapili, hata nikamhesabu Luke kuwa jamaa wa nyumbani kwetu.

Mwaka wa 2015 ikatoka The Force Awakens ya mwelekezi J.J. Abrams. Humo upanga wa kale wa Luke umehifadhiwa na Maz Kanata, mhusika aliyeigizwa na Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o. Filamu inakoma msichana aitwaye Rey akiwa amepanda mlima wa kisiwa cha upweke na kumnyoshea Luke upanga huo. Luke anamtazama bila kutamka neno, na filamu inaishia hapo. Hilo, msomaji mpenzi, ni pengo la Iser lililo wazi kabisa! Kwa miaka miwili mashabiki walilijaza. Walikisia nasaba ya Rey, wakayatunga maneno ya kwanza ya Luke na kuzichora vita atakazopigana.

Johnson alilijaza pengo hilo kwa njia yake. Luke anaupokea upanga, anautazama, kisha anautupa nyuma ya bega lake na kwenda zake. Rey naye anaambiwa kwamba wazazi wake walikuwa walevi wasio na jina, waliomuuza ili wapate pesa za kunywea. La kuumiza zaidi, tunafahamishwa kwamba Luke aliwahi kuuwasha upanga juu ya mpwa wake aliyelala, akawazia kumuua kwa nukta moja. Je, aliyemhurumia baba katili angewezaje kumwinulia upanga mtoto wa dadake? Hata Mark Hamill, mwigizaji wa Luke, alikiri hadharani kwamba hakukubaliana na taswira hiyo alipoisoma mara ya kwanza.

Miaka ilipita nikaitazama tena filamu hiyo, safari hii nikiwa na daftari mkononi. Niligundua jambo ambalo hasira ilikuwa imenificha. Mwishoni, Luke anakabiliana na jeshi zima la mpwa wake bila kumwaga damu. Hata kimwili hayupo pale, kilichopo ni taswira yake tu. Anawapa wenzake muda wa kuponyoka, kisha anaaga dunia kwa amani. Kumbe upanga uliotupwa 2017 ni ndugu wa upanga uliotupwa 1983! Si kila pingamizi langu lilifutika, maana safari ya wahusika katika mji wa kamari ningali naiona kuwa ndefu kupita kiasi. Hata hivyo, nilibainikiwa kwamba nilichokiita kosa la msanii kilikuwa, kwa sehemu kubwa, umbali wangu mwenyewe na kazi yake.

Hali hii si ngeni katika fasihi yetu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mnamo 1974, mashairi yake huru yalichangia mgogoro mkali kati ya watetezi wa arudhi na wanamabadiliko. Watetezi hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wakikitetea kilichowalea. Leo mashairi ya aina zote mbili hufundishwa katika darasa moja.

Fauka ya hayo, upokezi una mipaka. Kelly Marie Tran, aliyeigiza mhusika Rose katika The Last Jedi, alitukanwa mtandaoni kwa misingi ya rangi na jinsia yake hata akayaondoa machapisho yake katika Instagram mnamo Juni 2018. Haki ya kufasiri si haki ya kuadhibu. Anayemtukana mwigizaji hajahakiki chochote.

Kwa upande mwingine, msanii akimtii shabiki katika kila jambo hapati salama. Katika The Rise of Skywalker ya 2019, Abrams alirejea, na Rey akageuzwa kuwa mjukuu wa yule mfalme dhalimu. Wengi waliliona hilo kuwa jaribio la kuwaridhisha walionuna. Walakini, filamu hiyo nayo ilizua mabishano, na wahakiki waliipokea kwa ubaridi kuliko iliyotangulia. Sababu ni kwamba mashabiki hawana upeo mmoja wa kuridhishwa.

Tamati, hasira ya shabiki ni ushahidi kwamba hadithi imemwingia, ila si hukumu juu ya hadithi yenyewe. Fanani akisema "Paukwa," nasi tukaitikia "Pakawa," tumekubali kumsikiliza. Hatujamwamrisha la kusimulia. Tukinuna, na tunune. Kisha turudi tuitazame kazi mara ya pili, maana hapo ndipo uhakiki huanza.