Vijia Vinavyofungwa Kando ya Ziwa Mweru: Nani Huvifunga, na Mwendesha Pikipiki Afanye Nini

Katika mikutano yetu na wananchi wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vinavyofuata ufuko kuelekea Chiengi, hakuna swali linaloulizwa kwa uchungu kama lile la vijia. Kwa nini njia ambayo mtu ameipita na pikipiki yake miaka yote leo imelazwa gogo katikati, au ina askari, au imesimikwa kibao cha kukataza? Wengi wa wanaouliza ni vijana wanaoishi kwa pikipiki hizo. Jibu wanalopewa njiani, kwamba "ni amri", si jibu kwa mtu anayelisha nyumba. Hivyo tumeona vema kueleza amri hizo hutoka wapi, zipi zinaweza kujadiliwa na zipi haziwezi.

Kwanza tutambue thamani ya kile kinachopotea. Ufuko wa Mweru una barabara kuu moja, na watu wake hawakai wote kando ya barabara hiyo. Wako kwenye kambi za wavuvi mchangani, kwenye mashamba ya mihogo yaliyo ndani ya mwitu, na kwenye kingo za mabwawa yanayofurika kila msimu wa mvua. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia ambako malaria huambukiza kwa wingi karibu mwaka mzima. Mtoto anayeshikwa na degedege usiku hasubiri gari. Hubebwa kwa pikipiki, katikati ya dereva na mama yake, hadi Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi. Mjamzito hupita njia hiyo hiyo, na samaki, na unga, na mwalimu anayekwenda kazini. Nasi askari tunapoitwa kwenye kambi za mbali hatuna njia nyingine. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba polisi hufurahi kijia kinapozibwa.

Lakini vijia havifungwi na mkono mmoja, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapopotea kabla ya kufika. Mtu huleta kwetu shauri ambalo lingeamuliwa na chifu, au humlaumu chifu kwa jambo lililoamriwa na sheria ya nchi.

Mkono mzito kuliko yote ni wa mpaka. Mpaka wetu huu ulichorwa katika mapatano ya Uingereza na Mfalme Leopold, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, tarehe 12 Mei 1894. Waliouchora walivuta mstari juu ya ziwa, kisha wakaupinda kuelekea kusini ili Kisiwa cha Kilwa kibaki upande wa Waingereza. Ndiyo maana leo kuna Kilwa kisiwa, kilicho Zambia, na Kilwa mji, ulio Kongo, majirani wenye jina moja na serikali mbili. Huko kaskazini, karibu na Pweto, nchi hizi mbili hutengana kwa nchi kavu, na Wabwile wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili. Vijia vya kwenda kuzika, kuoa na kuuza viliukuta mpaka, au mpaka uliwakuta wapitaji njiani. Ni vigumu kusema kipi kilitangulia mahali gani. Sheria, hata hivyo, haiulizi umri wa kijia. Sheria ya Uhamiaji ya Zambia, Na. 18 ya mwaka 2010, inamtaka anayeingia nchini apite penye kituo kilichowekwa na ajitokeze mbele ya ofisa. Sheria ya forodha nayo inataka chombo na mzigo vionyeshwe. Pikipiki iliyovushwa porini bila karatasi inaweza kushikwa pamoja na mzigo wake, hata kama mzigo wenyewe ni halali na mwenye pikipiki ni mtoto wa kijiji cha jirani.

Njia hizi zina jina tunalolijua sote: njia za panya. Jina hilo halimtendei haki kila anayezipita, maana mama anayevuka na ndoo ya dagaa si panya. Tatizo ni wanaozipita usiku, taa zimezimwa. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na samaki wanaovuliwa kwa magendo katika miezi hiyo hawapitishwi barabarani. Mahindi nayo hufuata bei: mavuno yanapopungua, kama ilivyokuwa mwaka 2024 ambapo tarehe 29 Februari ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa, gunia hukimbilia pale linaponunuliwa ghali. Pikipiki chache zinazobeba mizigo hiyo huacha alama za magurudumu, na alama hizo huleta kizuizi. Kizuizi kikishawekwa hakibagui. Kinamzuia mwenye gunia la magendo na mwenye mgonjwa vilevile.

Liko pia jambo la usalama ambalo husahauliwa. Zambia huendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia. Anayevuka kwenye kituo rasmi hukumbushwa kwamba amebadili nchi. Anayevuka kichakani hutokea barabarani akiwa na mazoea ya nchi aliyotoka, na katika kona ya vumbi kosa hilo halina nafasi ya pili.

Hapa lazima tuseme wazi jambo moja kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu waliyakimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga, wakaingia Zambia, wengi wao kupitia Chiengi. Walipokelewa Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa hapa Nchelenge. Mtu anayekimbia kuokoa roho yake haulizwi kwanza amepita kijia gani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, ilimradi ajitokeze kwa wakuu bila kukawia na aeleze sababu yake. Kwa hiyo mwendesha pikipiki anayemkuta mama na watoto wakitoka porini na vifurushi asiogope kuwabeba hadi kituo cha polisi au kwa maofisa wa Uhamiaji. Awalete moja kwa moja, wala asiwafiche. Kuwatoa watu Mantapala bila kibali cha kutoka makaziini ni jambo lingine, na dereva anayefanya biashara hiyo hujitia matatani yeye na abiria wake.

Kuhusu hifadhi tutasema machache, kwa kuwa hakuna la kujadiliana. Lusenga Plain na Mweru Wantipa ni hifadhi za taifa tangu mwaka 1972, na kuingia humo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori Na. 14 ya mwaka 2015. Mkato unaopita ndani ya hifadhi si njia ya umma, hata ukiokoa saa mbili. Anayetaka kuyaona maporomoko ya Mto Kalungwishi aulizie njia ya wageni.

Mkono wa mwisho ni wa kijiji chenyewe, na huu ndio tunaoombwa zaidi kuupinga. Nje ya miji na hifadhi, ardhi yetu nyingi ni ya kimila. Chifu na wakuu wa vijiji ndio wanaojua kijia kilipewa nani na kwa kazi gani. Kijia cha kwenda mtoni kilitolewa kwa miguu. Baiskeli ilipokuja hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa baiskeli husukumwa mtu anapokutana na mzee. Pikipiki ni kitu tofauti. Nenda ufukoni asubuhi uone chisense walivyotandazwa kwenye mchanga wakaushwe na jua: kazi ya usiku mzima ya familia, na gurudumu moja linatosha kuiharibu. Ndivyo ilivyo na mihogo iliyotolewa majini ikaanikwa kando ya njia. Mvua inaponyesha, mfereji uliochimbwa na magurudumu huwa kijito, na shamba la jirani huondoka nacho. Mkuu wa kijiji anayelaza gogo baada ya kuonya mara tatu si adui wa vijana. Anawalinda wale ambao hawana pikipiki.

Hata hivyo gogo si sheria. Likizuia njia pekee ya kwenda zahanati au shuleni, wananchi wana haki ya kuuliza kama kweli kijiji kimeamua, au ni mtu mmoja aliyejitwalia. Zaidi ya shauri moja la namna hii limekwisha chini ya mti kwa makubaliano ya kawaida kabisa: injini izimwe penye vianikio, pikipiki isukumwe hatua mia, usiku apite mwenye mgonjwa tu. Makubaliano hayo yana udhaifu mmoja. Hayaandikwi. Mkuu wa kijiji akifariki, au kijia kikiuzwa pamoja na kiwanja, hubaki maneno ya mtu dhidi ya mtu.

Si sisi peke yetu tuliofika hapa. Nchini England waendeshaji wa pikipiki za porini walipita miaka mingi kwenye njia za kale za mikokoteni, wakiamini kwamba desturi inatosha. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyofuta haki ya kupitisha vyombo vya moto katika njia nyingi ambazo hazikuwa zimeandikwa kuwa za vyombo hivyo kwenye kumbukumbu rasmi. Njia zenyewe zilibaki pale pale. Mwenda kwa miguu na mpanda farasi waliendelea kupita, lakini mwenye injini alibaki nje. Marekani ilichukua hatua yake mapema zaidi: mwaka 1972 Rais Nixon aliagiza idara zinazosimamia ardhi ya taifa zitenge wazi mahali panaporuhusiwa vyombo vya namna hiyo na mahali pasiporuhusiwa. Nchi hizo ni tajiri na waendeshaji wao wengi hupita kwa starehe, si kwa mkate, na sisi hatupendi kulinganisha mambo yasiyolingana. Lakini jambo hili ni lile lile: njia iliyoandikwa mapema ilikuwa na mtetezi, na isiyoandikwa ilisimama peke yake.

Ushauri wetu kwa waendesha pikipiki, basi, ni kwamba wasisubiri gogo. Wenye kituo kimoja cha pikipiki wakae pamoja, wachague vile vijia ambavyo bila hivyo watu wataumia, na wavipeleke kwa mkuu wa kijiji, kwa chifu, na kisha kwa baraza la wilaya, kwa maandishi. Wachache watakaokataa kukaa wataonekana, na huenda tukajua kwa nini wamekataa. Vijia vinavyovuka mpaka visiwekwe katika orodha hiyo, kwa sababu hakuna chifu wala baraza lenye uwezo wa kuvifungua; hayo ni ya serikali mbili. Hata hapo yapo ya kuombwa, kama vile kituo kusogezwa karibu na mahali watu wanapovukia hasa, na ombi la namna hiyo hupitia kwa Mkuu wa Wilaya.

Nasi tuna wajibu wetu, na wananchi waujue ili watudai. Askari aliyewekwa kwenye kijia kilichofungwa hana bei ya kukifungua. Anayetaka fedha ili upite hakutozi faini; faini halali ina risiti ya serikali. Ukikamatwa na ukastahili dhamana ya polisi, dhamana hiyo hailipiwi hata ngwee moja. Pikipiki ikishikwa, uliza ni kwa sheria ipi na imeandikwa wapi, na upewe karatasi. Usiporidhika na jibu la kituo, mwone mkubwa wa kituo; na kama bado hujaridhika, iko Tume ya Malalamiko ya Umma dhidi ya Polisi, iliyowekwa na Katiba kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, ambayo hupokea malalamiko ya raia dhidi ya askari. Kwa upande wako, uwe na leseni, pikipiki iwe imesajiliwa na kulipiwa bima, na kofia ngumu iwe kichwani, si kwenye usukani. Haya yanatakiwa pia kwenye vumbi, si kwenye lami tu, na ndiyo yanayomtofautisha mara moja dereva wa kijiji na yule anayepita usiku taa zimezimwa.

Wanaotaka kuandika vijia vyao wanaweza kuja kwetu kwenye dawati la uhusiano na jamii kabla ya kwenda kwa baraza. Mchoro wa mkono unatosha. Uonyeshe kijia kinapoanzia na kinapoishia, visima, vianikio na mashamba kinayoyapitia, mahali maji yanapokata njia kati ya Novemba na Aprili, na jina la kila kijiji kilichokubali. Asiyeandika aje na anayeandika. Mchoro utiwe sahihi na mkuu wa kijiji, na zifanywe nakala tatu: ya chifu, ya baraza, na moja ibaki kwa waendeshaji wenyewe, iwekwe mahali ambapo mvua haifiki.