Fahamu: Jiji janja ni nini, na Ljubljana limefanya nini?

Jiji janja ni lile linalotumia teknolojia na takwimu kurahisisha usafiri, usafi na matumizi ya nishati huku likitunza mazingira. Mfano ni Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, wenye wakazi karibu 300,000.

Magari yaliondokaje katikati?

Mwaka 2007 jiji lilianza kufunga mitaa ya katikati kwa magari. Njia zikabaki kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Wazee na wasioweza kutembea sana hubebwa bure na vigari vya umeme viitwavyo Kavalir.

Ujanja uko wapi?

Kadi moja, Urbana, hulipia basi na maegesho, na pia hufungua baiskeli za kuazima. Huduma ya baiskeli ilianza 2011. Saa ya kwanza ni bure.

Na taka?

Mwaka 2014 Ljubljana lilikuwa mji mkuu wa kwanza wa Umoja wa Ulaya kujiwekea lengo la kutobakiza taka za kutupa. Wakazi hutenganisha taka, na mabaki ya vyakula hugeuzwa mboji.

Kwa nini linatajwa sana?

Mwaka 2016 lilishika taji la Mji Mkuu wa Kijani wa Ulaya. Mabadiliko yake makubwa yalianza na kufunga barabara, kabla ya kadi.