Alimasi wa Mama Gani?

Ukiketi katika lubunga ya kijiji cha Fizi, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo wazee wa Kibembe hukata mashauri, na shauri la siku hiyo likawa ni shamba, hukawii kumsikia mzee akihesabu nasaba, fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani, hata afikapo kwa jina moja, tuseme Alimasi, husita, huinamisha kichwa, kisha huuliza: "Alimasi wa mama gani?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa elimu ya nasaba. Wabembe huhesabu ukoo kwa baba. Lakini mjukuu aghalabu hupewa jina la babu yake, baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na mjane akirithiwa na shemeji yake, watoto wa ndugu wawili hukua katika ua mmoja. Basi mwenye kuhifadhi majina ya wanaume peke yake huweza kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, na mirathi ikaharibika.

Mashaka haya si yetu pekee. Uingereza ya zamani, kabla ya makanisa kuamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, ilijaa akina John na William, na neno la Kilatini nepos liliweza kuwa mjukuu au mpwa. Wachunguzi wa nasaba hufuata mali: mjane alistahili theluthi ya ardhi ya marehemu maisha yake yote, na alipoidai barazani, jina la mume aliyekufa liliandikwa, hata kama mjane alikwisha kuolewa na mwingine. Hata baba alipojulikana, mama alihesabika: John wa Gaunt, mwana wa mfalme Edward III, alizaa watoto wanne na Katherine Swynford kabla ya kumwoa mwaka 1396. Papa akawahalalisha, Bunge likafuata mwaka 1397, ila mwaka 1407 mfalme Henry IV, mwana wa John kwa mke wake wa kwanza, akaandikisha kuwa hawatarithi ufalme. Baba alikuwa mmoja. Fungu la kila mtoto lilipimwa kwa mama.

Kwetu hati inayomtambulisha mama ni mahari. Nani alitoa mbuzi, nani aliwapokea, mjomba alipata fungu gani: haya yana mashahidi wa pande mbili, na ukoo wa mke haukusahau kilicholetwa wala kilichobaki deni. Na pale mahari isipotolewa, Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 imekataza mtu kumkana mwanawe, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake.

Lakini mashahidi wanatawanyika. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa Fizi na Baraka walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, na vijana waliozaliwa huko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wamefundishwa majina ya babu bila kumwona bibi. Nawasihi wachukue daftari, na kando ya kila jina la mume waandike mke, ukoo wake, na waliopokea mahari yake.

Maana pale lubunga, mzee akikwama, huagiza aitwe bibi kizee wa ukoo. Naye, akiwa bado ameshika mwiko wa ugali, hutaja Alimasi wawili, mama zao wawili, na mbuzi waliotolewa kwa kila mmoja.